A Hadi Z: Historia ya Mpangilio wa Kialfabeti katika Kamusi za Kiingereza na Maana Yake kwa Mhakiki

Utangulizi

Mhakiki wa fasihi huifungua kamusi mara nyingi kuliko kitabu kingine chochote, na huenda ndicho kitabu anachokihakiki mara chache zaidi. Anapotilia shaka fahiwa ya neno katika shairi au tamthilia, huiendea kamusi kama mdai anavyomwendea kadhi, wala haulizi kadhi huyo alipataje kiti chake. Hata wale waliokwisha kutuonyesha kwamba fasili za kamusi hubeba itikadi za watunzi wake, aghalabu huuacha mpangilio wenyewe bila ya kuuhoji. Fasili, wanasema, ni kazi ya mtu; lakini A kuitangulia B si kazi ya mtu yeyote.

Makala haya yanakusudia kuuhoji mpangilio huo kwa kuufuatilia katika historia ya kamusi za Kiingereza, lugha ambayo kamusi zake zimekuwa kielelezo cha kamusi nyingi tunazozitumia katika Afrika ya Mashariki. Hoja zetu ni tatu. Kwanza, kuyapanga maneno ya Kiingereza kwa alfabeti kulijengwa polepole kwa muda wa karibu miaka elfu moja. Pili, kila hatua ya ujenzi huo ilibadilisha dhana ya msomaji: anajua nini, na hajui nini. Tatu, ingawa mfuatano wa herufi haumpendelei mtu, kazi ya kuufuata hufanywa na watu katika wakati. Na neno linalofikiwa mapema huhukumiwa kwa kanuni ambazo bado hazijajaribiwa. Hoja hii ya tatu tutaithibitisha kwa kisa cha neno moja linalotuhusu moja kwa moja.

Kutoka pambizoni hadi kwenye orodha

Mnamo mwaka 669 aliwasili Canterbury, kusini-mashariki mwa Uingereza, askofu mkuu mpya aliyeitwa Theodore, mzaliwa wa Tarso katika Asia Ndogo. Baada yake alifika mwenzake, Hadrian, ambaye mwanahistoria Bede, katika historia ya kanisa la Waingereza aliyoikamilisha mwaka 731, anamtaja kuwa ni Mwafrika kwa asili. Katika Kilatini cha zama hizo jina hilo lilihusu pande za kaskazini za bara hili, na hatuna haja ya kulitanua zaidi ya hapo. Wawili hao waliendesha shule iliyosifika kwa mafunzo ya Kilatini na Kigiriki. Huko wanafunzi walisoma Biblia, maandishi ya mababa wa kanisa na vitabu vya sarufi, na maneno magumu yakaandikiwa maelezo mafupi, mara kwa Kilatini chepesi, mara kwa Kiingereza cha Kale.

Maelezo hayo, ambayo sisi tungeyaita sherehe, ndiyo mbegu ya kamusi za Kiingereza. Mkusanyo mmoja unaohusishwa na mafunzo ya Canterbury umehifadhiwa katika mswada ulionakiliwa mnamo mwaka 800 na ambao sasa uko Leiden, Uholanzi. Mpangilio wake ni wa vitabu: maneno yaliyotoka katika kitabu fulani yamewekwa pamoja, kisha yakafuatwa na maneno ya kitabu kingine. Msomaji anayedhaniwa hapa ni yule aliye na kitabu hicho mbele yake. Neno bado ni mali ya matini.

Katika mswada mwingine wa kale, ule wa Épinal nchini Ufaransa, mambo yamekwisha kubadilika. Maneno ya vitabu mbalimbali yamechanganywa, kisha yakapangwa upya: katika baadhi ya sehemu kwa herufi ya kwanza pekee, na katika sehemu nyingine kwa herufi mbili za mwanzo. Mswada wa tatu, uliomo katika Chuo cha Corpus Christi, Cambridge, unafuata herufi mbili za mwanzo kote. Tukiiweka miswada hii mitatu bega kwa bega, tunaiona alfabeti ikiingia kazini hatua kwa hatua.

Kwa mtazamo wa usomaji, badiliko hili si dogo. Msomaji wa mkusanyo wa Leiden angeweza kujua neno lilikotoka. Msomaji wa Épinal hakuweza tena kulijua hilo kutokana na mpangilio. Neno lilikuwa limeng'olewa katika muktadha wake ili liweze kupatikana na mtu yeyote, anayesoma kitabu chochote. Faida hiyo na hasara hiyo zilizaliwa siku moja, na tangu hapo hazijatengana.

Isidhaniwe kwamba alfabeti ilishinda papo hapo. Mnamo mwaka 1000 mtawa Ælfric alitunga sherehe ya Kilatini na Kiingereza kwa ajili ya wanafunzi, na hakufuata alfabeti. Alianza na Mungu, mbingu na ardhi, akaendelea na viungo vya mwili, jamaa na vyeo vya watu, ndege, samaki, wanyama, mimea na miti. Hii si kwamba hakuzijua herufi. Kwa Ælfric, orodha ya maneno ilipaswa kufuata utaratibu wa uumbaji. Kumweka Mungu baada ya punda kwa sababu tu ya herufi kungekuwa ni kuivuruga maana ya ulimwengu. Mpangilio wa kialfabeti ulikuwa na kitu cha kuondoa kabla haujakubalika: ulipaswa kuiondoa daraja ya vitu.

Herufi ya pili, ya tatu, na zilizobaki

Kwa msomaji wa leo ni vigumu kuamini kwamba kupanga maneno kwa herufi zote, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, kulihitaji kuelezwa. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Katika karne ya 11 Papias, aliyeandika Italia, alitunga kamusi ya Kilatini iliyozingatia herufi tatu za mwanzo. Mwaka 1286 Giovanni Balbi wa Genoa, mtawa wa shirika la Wadominiko, alikamilisha kamusi yake, Catholicon, na humo akaona lazima amfafanulie msomaji kanuni yenyewe: kwamba neno amo litatangulia bibo kwa kuwa a hutangulia b, na kwamba maneno mawili yanayoanza kwa herufi moja yatatenganishwa kwa herufi ya pili, kisha ya tatu, na kuendelea. Alimwomba msomaji asiidharau kazi hiyo kubwa. Mtu haombi radhi kwa jambo ambalo kila mmoja tayari analiona kuwa la kawaida.

Yafaa ikumbukwe kwamba njia nyingine zilikuwako duniani, wala hazikuwa za kijinga. Katika karne ya 8 al-Khalil bin Ahmad aliipanga kamusi yake ya Kiarabu, Kitab al-Ayn, kwa mahali herufi zinapotamkiwa, akianzia kooni na kuishia midomoni. Baadaye al-Jawhari, katika al-Sihah, alipanga maneno kwa konsonanti ya mwisho ya mzizi, utaratibu uliomfaa sana mshairi anayetafuta kina. Waingereza nao waliwahi kuujaribu mpangilio wa mwisho wa neno: mwaka 1570 Peter Levins alichapisha Manipulus Vocabulorum, ambamo maneno ya Kiingereza yamekusanywa kwa silabi zake za mwisho. Mtunzi yeyote wa shairi la Kiswahili aliyewahi kukesha akitafuta kina cha kati ataelewa mara moja kwamba kitabu cha namna hiyo kinamjua msomaji wake.

Alfabeti yenyewe nayo haikuwa imara. Mnamo mwaka 1011 mtawa Byrhtferth aliorodhesha herufi za wakati wake: kwanza zile za Kilatini, na baada yake, mkiani, herufi ambazo Kiingereza cha Kale kilizihitaji kwa sauti zake chenyewe. Shairi la Geoffrey Chaucer linalojulikana kama An ABC, la karne ya 14, lina beti 23 zinazoanza kwa herufi zinazofuatana. Hazikuwa 26, kwa kuwa J, U na W hazikuhesabiwa mbali. Nayo Promptorium Parvulorum, kamusi ya Kiingereza na Kilatini iliyotungwa Norfolk mnamo mwaka 1440, ilifuata alfabeti lakini kwa kuigawa: chini ya kila herufi, vitenzi viliwekwa mbali na nomino na maneno mengine. Mtunzi wake alidhani kwamba msomaji hujua kwanza aina ya neno, ndipo ajue herufi zake.

Msomaji asiyejua

Kamusi ya kwanza iliyochapishwa ya Kiingereza kwa Kiingereza ni A Table Alphabeticall ya Robert Cawdrey, iliyotoka London mwaka 1604. Cawdrey alikuwa mwalimu na kasisi aliyekuwa amenyang'anywa wadhifa wake wa kikanisa kwa msimamo wake wa Kipuriti. Kitabu chake ni kidogo, chenye maneno yapatayo 2,500, na yote ni maneno yaliyohesabiwa kuwa magumu: yale yaliyotoka katika Kiebrania, Kigiriki, Kilatini na Kifaransa. Ukurasa wa jina unawataja wanaokusudiwa: mabibi wa tabaka la juu, na watu wengine wasio na elimu, ambao hukutana na maneno hayo katika Biblia, katika mahubiri na kwingineko.

Katika utangulizi wake Cawdrey anamweleza msomaji jinsi ya kukitumia kitabu. Anamtaka aijue alfabeti kwa moyo, yaani mahali pa kila herufi; neno likianza kwa a, alitafute mwanzoni mwa orodha, na likianza kwa v, alitafute kuelekea mwishoni. Kisha anaendelea: neno likianza kwa ca, litakuwa mwanzoni mwa herufi c, na likianza kwa cu, mwishoni mwake. Miaka 318 baada ya Balbi, kanuni ile ile bado ilipaswa kufundishwa.

Tofauti ni kwamba msomaji wa Balbi alikuwa mtu wa Kilatini, na msomaji wa Cawdrey ni mtu aliyefungiwa nje ya Kilatini. Hapa ndipo mpangilio wa kialfabeti unapopata nguvu zake za kijamii. Kamusi iliyopangwa kwa mada humtaka msomaji ajue neno liko katika mada gani, yaani ajue maana kabla ya kuitafuta. Alfabeti haimtaki ajue maana. Yatosha ajue umbo. Mwanamke aliyenyimwa shule ya sarufi ya Kilatini na askofu aliyesoma Oxford wanalifikia neno kwa njia moja na kwa hatua zile zile. Si makosa kusema kwamba alfabeti ilikuwa mpangilio wa kwanza usiodai elimu ya awali ya mambo yanayopangwa.

Lakini ulidai elimu nyingine, ile ya tahajia. Asiyejua neno linavyoandikwa hawezi kulipata, hata kama analijua kwa sikio tangu utotoni. Na katika mwaka 1604 tahajia ya Kiingereza haikuwa imetulia: ukurasa wa jina wa kitabu cha Cawdrey unaliandika neno lenye maana ya "maneno" kwa namna mbili tofauti. Kwa hiyo mpangilio uliohitaji tahajia moja ulitumika katika lugha iliyokuwa na tahajia nyingi, na bila shaka ulichangia kuzipunguza. Neno haliwezi kukaa mahali pawili bila ya kumchosha msomaji; kila mtunzi wa kamusi alilazimika kuchagua, na kila uchaguzi uliisukuma tahajia nyingine nje.

Mwaka 1623 Henry Cockeram alichapisha The English Dictionarie, ambayo ndani yake tunaona msomaji mwingine tena. Sehemu ya kwanza inafasili maneno magumu kwa mepesi. Ya pili inageuza njia, ikimpa mtu wa kawaida neno la fahari badala ya neno lake la kila siku. Mpangilio ni ule ule, lakini sasa unamtumikia mtu anayetaka kupanda ngazi, si kuelewa tu.

Samuel Johnson na maadui wa alfabeti

Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake mwaka 1755, yenye vidahizo zaidi ya 42,000, mpangilio wa kialfabeti haukuhitaji tena kutetewa. Hata hivyo, anayeifungua leo hupotea mahali pawili. Maneno ya I na J yamechanganywa kana kwamba ni herufi moja, na ya U na V vivyo hivyo, kwa sababu mapokeo ya alfabeti ya Kilatini yaliendelea kutawala kamusi muda mrefu baada ya wachapaji kuzitofautisha herufi hizo kwa macho.

Kwa mhakiki wa fasihi, hata hivyo, jambo kubwa katika Johnson ni dondoo. Alisoma kwanza vitabu, akatia alama sentensi alizozitaka, na wasaidizi wake sita wakazinakili. Zaidi ya dondoo 110,000 za Shakespeare, Milton, Dryden na wengineo zikatawanywa chini ya vidahizo. Kile kilichofanywa Épinal kwa neno moja moja, Johnson alikifanya kwa fasihi nzima: aliivunja, akaipanga upya kwa herufi. Vizazi vya wasomaji vilikutana na Shakespeare kwa mara ya kwanza akiwa vipande vipande, kila kipande kikiwa shahidi wa neno fulani, si sehemu ya tamthilia.

Haishangazi basi kwamba upinzani mkali ulitoka kwa mshairi. Samuel Taylor Coleridge, alipoandika mwaka 1818 utangulizi wa Encyclopaedia Metropolitana juu ya mbinu ya kupanga elimu, aliushutumu utaratibu wa ensaiklopidia zilizoruhusu sadfa ya herufi ya kwanza iamue nini kikae karibu na nini. Kwake, elimu ni kiumbe chenye viungo vinavyohusiana, na alfabeti humkatakata kiumbe huyo. Tunaisikia hapa sauti ya Ælfric, ingawa mahali pa uumbaji sasa pamechukuliwa na falsafa.

Daktari Peter Mark Roget alilitekeleza wazo la namna hiyo kwa maneno ya Kiingereza. Katika Thesaurus yake ya mwaka 1852 aliyapanga maneno kwa fikra, chini ya matabaka sita makuu. Lakini alilazimika kuongeza faharasa ya kialfabeti mwishoni, na mwanawe akaipanua faharasa hiyo sana katika toleo la 1879. Wasomaji wengi huanza na faharasa. Roget aliitoa alfabeti kupitia mlango wa mbele, ikarejea kupitia uani.

Kisa cha neno "African"

Tunafika sasa kwenye kamusi iliyojiona kuwa haina upande. Mwaka 1857 Richard Chenevix Trench aliwahutubia wanachama wa Jumuiya ya Filolojia, London, akisisitiza kwamba mtunzi wa kamusi ni mwanahistoria wa lugha, si mhakiki wake. Kazi yake ni kuyakusanya maneno yote, mema na mabaya. Kutokana na wito huo ikazaliwa kamusi ambayo leo twaijua kama Oxford English Dictionary. Mhariri wake mkuu, James Murray, alijenga kibanda cha mabati katika kiwanja cha shule ya Mill Hill alikofundisha, akaweka ndani yake visanduku 1,029 vya kupokelea karatasi ndogo ndogo zilizotumwa na wasomaji wa kujitolea. Watoto wake walizipanga karatasi hizo kwa alfabeti ili wapate pesa za matumizi.

Sehemu ya kwanza, A hadi Ant, ilitoka mwaka 1884. Ndani yake neno American limo. Neno African halimo.

Tusikimbilie kudhani kwamba lilisahauliwa. Murray mwenyewe alilieleza jambo hili katika dibaji ya juzuu ya kwanza, mwaka 1888. Swali la kuyaingiza au kuyaacha maneno yatokanayo na majina ya mahali lilizuka mapema, wahariri walipofika kwenye African. Walilitafakari, wakaamua kuliacha, kwa kuwa waliona halina haki zaidi ya maneno mengine ya aina yake yanayohusu nchi nyingine. Miezi kadhaa baadaye walifika kwenye American. Hapo waliona kwamba maneno yanayotokana nalo hayakuweza kuachwa, na kwamba hayangefasilika bila ya neno lenyewe. Likaingizwa. Ndipo wakajiuliza kama kuliacha la kwanza na kuliingiza la pili kulilingana. Swali, anakiri Murray, lilikuja likiwa limechelewa. Baadaye neno African lilipata nafasi katika nyongeza.

Kisa hiki hutajwa mara nyingine kama kichekesho cha wanaleksikografia, na mara nyingine kama ushahidi wa chuki. Sisi tunadhani kwamba kinafundisha jambo zito kuliko yote mawili. Kama wahariri wangekuwa wamewadharau Waafrika tu, ufumbuzi ungekuwa kuwabadilisha wahariri. Lakini hapa tuna watu waliokuwa na kanuni, wakaitumia kanuni hiyo kwa uaminifu katika neno la kwanza lililowafikia. Kisha kanuni ikashindwa ilipokutana na neno lenye watetezi wenye nguvu, yaani matumizi mengi ya kisiasa na kijamii ya dola iliyokuwa ikikua. Kanuni ikalegezwa kwa ajili ya neno la pili. Kwa la kwanza haikulegezwa, kwa sababu F huitangulia M. Tofauti ya nguvu kati ya mabara mawili na tofauti ya nafasi kati ya herufi mbili zilishirikiana, na matokeo yake yakaonekana kama utaratibu wa kawaida.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuilaumu alfabeti kwa kosa la watu. Tunakubali kwamba herufi hazina kosa. Tunachosema ni kwamba mfuatano wa ukurasa ni mfuatano wa kazi pia, na kazi hukomaa kadiri inavyoendelea. Historia ya kamusi hiyo yenyewe inatuunga mkono. Neno bondmaid, lenye maana ya kijakazi, halikuchapishwa mahali pake kwa kuwa karatasi zake zilipotea. Liliingia katika nyongeza ya mwaka 1933. Kipande cha mwisho kuchapishwa, mwaka 1928, hakikuwa cha Z bali cha W. Na kamusi hiyo ilipoanza kutoa matoleo yaliyosahihishwa upya katika mtandao mwaka 2000, wahariri hawakuanzia A. Walianzia M, kwa sababu herufi za mwanzo zilitungwa wakati taratibu za Murray zilikuwa bado hazijatulia. Warithi wa Murray walikuwa wanakiri, kwa vitendo, kwamba A na M si sawa.

Na inafaa kukumbuka tulikoanzia. Mmoja wa walimu wawili ambao shuleni mwao sherehe za Kiingereza zilichipuka aliitwa Mwafrika na Bede. Miaka zaidi ya elfu moja na mia mbili baadaye, kamusi kubwa kuliko zote za lugha hiyo ilikosa nafasi ya neno la kumwitia. Hatulitaji hili ili kudai urithi. Tunalitaja kwa kuwa ni mfano wazi wa jinsi orodha inavyoweza kusahau ilikotoka.

Kamusi zetu

Alfabeti ya Kirumi ilipoletwa kutumikia Kiswahili, haikukuta lugha isiyo na mpangilio. Washairi wa pwani ya kaskazini walikuwa tayari wakitunga beti zinazofuata herufi za Kiarabu, kuanzia alifu. Lakini kamusi zilizochapishwa, kuanzia ile ya Johann Ludwig Krapf ya mwaka 1882 na zile za A. C. Madan za 1894 na 1903, zilifuata alfabeti ya Kirumi. Hapo likazuka tatizo ambalo Cawdrey hakulijua: katika Kiswahili, mwanzo wa neno hubadilika.

Kamusi sanifu ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939, iliyohaririwa na Frederick Johnson chini ya Kamati ya Lugha, iliziweka nomino nyingi zinazotokana na vitenzi chini ya vitenzi hivyo, hata mpishi na upishi vikahusishwa na pika. Mpangilio huu unamdhania msomaji aliyesomea sarufi, anayejua kuvua viambishi, yaani ofisa au mmisionari aliyejifunza Kiswahili kwa kitabu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, ya mwaka 1981, iliipa nomino nafasi yake kwa umbo lake kamili la umoja. Mpishi akakaa katika M. Mpangilio huu unamdhania mzungumzaji anayelijua neno zima. Lakini hata humo ku- ya kupika hukatwa na m- ya mpishi huachwa, na mwanafunzi anayetafuta walimu hana budi kujua kwanza kwamba atafute mwalimu. Herufi M imejaa watu na miti. W ni nyembamba, kwa kuwa watu hao wakiwa wengi hawana makazi.

Hatusemi kwamba uchaguzi mmoja ni sahihi na mwingine ni kosa. Tunasema kwamba kila mmoja ni hukumu kuhusu msomaji, na kwamba hukumu hiyo hufanywa kabla ya fasili ya kwanza kuandikwa. Kadhalika, maswali madogo madogo, kama vile iwapo dh na ng' zihesabiwe kuwa herufi moja au mbili, si ya kiufundi tu. Ni swali lile la Byrhtferth: sauti za lugha yenyewe zikae wapi katika foleni ya herufi za wageni?

Hitimisho

Tumeona kwamba mpangilio wa kialfabeti uling'oa maneno katika vitabu, ukaondoa daraja ya vitu, ukamfungulia mlango msomaji asiyejua Kilatini, na papo hapo ukamdai tahajia. Tumeona pia kwamba uliwapotosha wahariri waangalifu, kwa kuwafanya watoe hukumu kabla ya kuujua uzito wa kanuni zao. Leo ambapo msomaji wa kamusi ya mtandao huliandika neno na kuliona bila ya kupitia majirani zake, mpangilio huo umejificha, lakini haujatoweka. Kidahizo bado ni lazima kiwe na umbo moja, na mtu fulani bado ndiye aliyeamua umbo hilo liwe lipi.

Kwa mhakiki, pendekezo letu ni la kiasi. Anaponukuu kamusi kama ushahidi, aulize mambo mawili kando ya fasili: neno hili limewekwa hapa kwa kumdhania msomaji gani, na ni lipi ambalo lilipaswa kuwa jirani yake lakini halipo? Mwanafunzi wa fasihi aliyeifungua kamusi ya mwaka 1884 asingeweza kuliona kosa kwa kusoma fasili, kwa kuwa hapakuwa na fasili ya kusoma. Angeliona kwa kujua tu kwamba palipaswa kuwa na neno.